Ndege wa Mlango wa Mto Msimbazi

Mto Msimbazi huanza katika vilima vya Pugu, Kisarawe, ukapita katika mji wa Dar es Salaam na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Mkono mmoja ni Kinondoni, mkono wa pili ni Ilala. Tangu mwaka 2022 lipo pia Daraja la Tanzanite upande wa baharini, lakini mtu atakaye kutazama ndege na asimame kando ya daraja la zamani, penye mikoko na tope.

Mwezi wa Februari mwalimu wetu wa baiolojia alitupeleka huko, wanafunzi kumi na mmoja wenye darubini mbili. Ilikuwa Jumamosi saa kumi alasiri, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Maji yalikuwa yamejaa hata kugusa majani ya mikoko. Nilihesabu yangeyange wawili na mdiria mmoja, mbali na kunguru, ambao hatukuwahesabu. Nikaandika katika daftari: "Uchafu wa mto umewafukuza ndege." Taarifa yangu ilikuwa isomwe mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, nami niliipenda sana sentensi ile. Mwalimu aliisoma, wala hakuikata. Alisema tu, "Rudini Jumamosi ijayo, saa hii hii."

Tukarudi. Tope lilikuwa wazi, na ndege wametapakaa juu yake. Nilipofika 140 wakaruka wote pamoja, hesabu yangu ikavurugika.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Maji hufuata mwezi, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Kwa siku 7 ni dakika 350, yaani karibu saa 6. Na tangu maji kujaa hata kupwa ni saa 6 na kidogo. Basi saa ya mkononi ilikuwa ile ile, bali saa ya maji ilikuwa imegeuka kabisa. Wiki ya kwanza ndege walikuwa wamejipumzisha mahali pakavu, wakingoja meza yao ifunuliwe. Mvuvi yeyote angalinieleza jambo hili kabla sijaandika.

Hata hivyo siku ile ya pili ilikuwa ya maji mafu, na tope halikuonekana lote. Siku za bamvu maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, nayo hupwa kabisa kadiri ya saa nne au saa tano asubuhi. Nendeni wakati huo, mkae hata maji yaanze kurudi, maana maji yenyewe huwasogeza ndege karibu nanyi. Msikanyage tope, huzama mtu hata magotini.

Tazameni midomo. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda kama sululu ya kuchimbia, naye hutoa kaa mashimoni. Kitwitwi ana mdomo mfupi. Hukimbia, husimama ghafula, hudonoa kile akionacho juu ya tope. Yangeyange husimama ndani ya maji haba akivizia samaki. Kwa hiyo hula pamoja bila kugombana sana, jambo lisiloonekana katika bwalo letu.

Aliyenishangaza zaidi ni mdogo mmoja wa rangi ya kijivu, mwenye mdomo uliopinda kidogo, aitwaye kwa Kilatini Calidris ferruginea. Uzito wake ni kadiri ya gramu 60. Huzaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, katika nchi ya Urusi, naye husafiri zaidi ya kilometa 8,000 kuja kula tope hili. Wengi huja kuanzia Agosti, huondoka kabla ya Mei.

Sentensi yangu nimeifuta. Sisemi kwamba mto ni safi. Harufu yake yatosha kuwa shahidi. Lakini atakaye kujua kama uchafu unapunguza ndege, lazima ahesabu mwezi ule ule na maji yakiwa kiasi kile kile, mwaka hata mwaka. Tumeanza daftari la namna hiyo, na kando ya kila hesabu tunaandika hali ya maji. Wenzetu wa Temeke wanaweza kuanza lao huko Mtoni, mahali mito ya Kizinga na Mzinga inapoingia katika maji ya bandari, nasi tungependa kulinganisha.