Dondoo muhimu: Kabla hujamnunulia mama simu mpya

Muulize kwanza anataka kuifanyia nini. Kama ni kupiga, kupokea na kutuma pesa, kitochi kinamtosha: menyu ya M-Pesa, *150*00#, hufunguka humo bila bando, na chaji hukaa siku kadhaa. Kijijini kwenye umeme wa kubahatisha, hiyo si faida ndogo.

Anataka kuwaona wajukuu kwa video? Hapo ni simu janja. Nenda naye dukani aishike mwenyewe, asome ujumbe bila kukunja uso, asikie mlio wake. Kamera tatu za nyuma ni mbwembwe za muuzaji. Wewe ulizia betri na nafasi ya kuhifadhi, maana picha za kundi la ukoo WhatsApp hujaza simu upesi.

Kabla ya kulipa, piga *#06#. Namba ya IMEI, tarakimu 15, ilingane na ya kwenye boksi. Kwa Tanzania, itume kwa ujumbe kwenda 15090 kujua kama simu ni halisi. Dai risiti na waranti.

Nyumbani, mkuzie maandishi, umhifadhie namba za watoto, na umsisitizie: namba ya siri haambiwi mtu, hata anayejiita wa huduma kwa wateja.