Kabla Hujanunua Makabati Mapya ya Jikoni

Ukienda Keko, Dar es Salaam, leo kuagiza makabati mapya ya jikoni, sehemu kubwa ya hela yako itaishia kwenye mbao. Lakini kama nyumba yako ni ya zamani kidogo, iwe Magomeni, Mwananyamala au Chang'ombe, huenda mbao nzuri unayo tayari ukutani: mninga, mkongo au mvule, ambazo siku hizi zikipatikana bei yake hukatisha tamaa. Kilichochakaa ni vanishi ya juu, iliyopigwa kwa miaka na mvuke wa wali, moshi na mafuta ya kukaangia. Vanishi hutoka, na mbao iliyo chini yake mara nyingi bado ni nzima. Nitakueleza namna ya kuitoa mwenyewe, kupaka upya, kisha kumalizia kwa glezi, yaani rangi nyepesi ya kivuli inayopakwa na kufutwa hapohapo ili ibaki kwenye pembe na mitaro ya mlango tu. Kama umepanga, zungumza kwanza na mwenye nyumba. Wapo wanaokubali kukata gharama kwenye kodi, na wapo wasiotaka mtu aguse chochote.

Utajuaje kama kabati lako linafaa kurudishiwa sura? Fungua mlango, uangalie ukingo wake wa chini, pale ambapo fundi hakuhangaika kupaka vizuri. Ukiona mistari ya mbao, hiyo ni mbao kamili. Ukiona chenga zilizogandishwa kwa gundi, au kitu kama karatasi ngumu iliyoshindiliwa, hiyo ni bodi, ya chenga au ya MDF, iliyovikwa ganda la plastiki. Bodi nzima inapakika, ila iliyovimba kwa maji chini ya sinki hairudi ilivyokuwa hata uikaushe mwezi mzima. Kata kipande hicho ubadilishe. Kwenye mbao kamili, chukua msumari uchome miguu na sehemu za karibu na bomba. Ukizama bila nguvu, pameoza. Vitundu vidogo vyenye unga laini chini yake ni kazi ya bungua, na vijia vya udongo ni vya mchwa. Tibu kwa dawa ya wadudu wa mbao kabla ya kupaka chochote, maana vanishi ikishaziba uso wa mbao dawa haiingii tena.

Wakati nao una maneno yake. Juni hadi Septemba, kusi inapovuma na hewa ni kavu kidogo, ndiyo miezi mizuri Dar es Salaam. Januari na Februari pia inafaa, ingawa joto hukausha rangi upesi na kuacha alama za brashi usipoharakisha mkono. Masika usianze. Unyevu ukiingia kwenye vanishi ambayo bado haijakauka huiachia ukungu mweupe, na dawa yake ni kupiga msasa na kuanza upya.

Tuje kwenye hela. Chukua jiko lenye milango 8 na droo 4. Mlango wa sentimita 40 kwa 70, mbele na nyuma, ni zaidi kidogo ya nusu mita ya mraba. Milango yote pamoja na droo na fremu inafika kama mita za mraba 7. Lita 1 ya rangi ya mafuta au ya vanishi hupaka mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, hivyo mikono miwili itakula lita 1 na zaidi. Nunua makopo mawili ya lita 1 ya kila aina. Ukiongeza rangi ya kwanza ya kushikisha, msasa, brashi mbili, puti ya mbao, barakoa na bawaba mpya, tenga kati ya shilingi 120,000 na 180,000. Bei za hadwea hupishana hata kwa maduka yanayotazamana, kwa hiyo uliza sehemu mbili au tatu. Kariakoo kwa kawaida ni nafuu kuliko hadwea ya mtaani, ila hesabu na nauli. Mahali pasipofaa kubana matumizi ni kwenye brashi. Ile ya bei ya chini kabisa huacha nywele zake kwenye kila mlango, nawe utashinda unazichomoa na kucha.

Kosa linaloharibu kazi nyingi huanzia dukani, kwenye neno "thina". Kuna rangi na vanishi za mafuta, ambazo huyeyushwa kwa tapentaini. Kuna pia vanishi za kupuliza ambazo mafundi wa fanicha huziita NC, nazo huyeyushwa kwa thina kali yenye harufu ya kuwasha pua. Ukipaka NC juu ya rangi ya mafuta, ile thina kali huilainisha rangi ya chini, na uso wote hujikunja. Amua tangu mwanzo utumie ukoo mmoja. Kwa mtu anayefanya kazi nyumbani kwa brashi, ukoo wa mafuta ndio unaovumilika: unakauka taratibu na kukupa nafasi ya kurekebisha. Mwambie muuzaji unataka kipunguzio cha rangi ya mafuta, kisha usome kopo lenyewe.

Hadwea nyingi hupima tapentaini na thina kwenye chupa tupu za maji ya kunywa. Ukifika nyumbani hamishia kwenye kopo la bati lenye kifuniko, uliandike, uliweke juu ambako mtoto hafiki. Mtoto akinywa, usimtapishe, kwa sababu kimiminika hicho kikirudi kooni kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mpeleke hospitali pamoja na kopo lenyewe.

Sasa kazi. Ng'oa milango na droo, uziandike namba nyuma kwa penseli, na namba hiyohiyo kwenye fremu. Milango ya fundi wa mkono haifanani hata ikionekana kufanana. Ukiichanganya, hakuna utakaofunga. Skrubu na bawaba za kila mlango ziweke kwenye kikombe chake. Ukifungua bawaba za jiko la zamani utawakuta mende, basi fanyia shughuli hiyo nje.

Nje ndiko utakakofanyia karibu kila kitu. Mvuke wa tapentaini na thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na cheche ya friji au moto wa jiko la mkaa unaweza kuudaka. Kwa fremu, ambazo haziwezi kutoka, zima moto wote, funga mtungi wa gesi na kuutoa nje, zima friji, fungua madirisha. Siku hiyo pikeni uani.

Kabla ya msasa kuna kuosha, na hapa ndipo watu wengi huruka. Msasa hauondoi mafuta ya kupikia; unayasukumia ndani ya mbao, na rangi mpya haitashika hapo. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ya kufulia viatu, ukikazania pale vidole vinaposhika na milango iliyo juu ya jiko. Maji yasituame kwenye mbao. Futa kwa maji safi, acha ikauke siku nzima kivulini, kisha pitisha kitambaa chenye tapentaini. Kitambaa kikitoka na weusi wa kunata, rudia.

Kama kabati liliwahi kupakwa rangi ya mafuta ya zamani, hasa njano, kijani au nyekundu, usilisugue likiwa kavu. Rangi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo vumbi lake huathiri ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Shirika la AGENDA la hapa Dar es Salaam lilipima rangi zilizokuwa madukani miaka ya 2010 na kukuta baadhi ya rangi za mafuta zikizidi sehemu 90 katika milioni, kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa. Tumia msasa wa maji: lowesha, sugua, futa tope kwa kitambaa na ukitupe, na watoto wawe mbali mpaka umalize kusafisha. Unaponunua rangi mpya, tafuta kopo lililoandikwa kwamba haina risasi na lenye alama ya shirika la viwango, TBS.

Vanishi ya kawaida juu ya mbao unaweza kuisugua kavu. Anza na msasa namba 80 au 100 kuondoa vanishi, fuatia 150, malizia 220, sikuzote ukifuata mistari ya mbao. Ukikatisha, mikwaruzo itajitokeza mara tu vanishi ikigusa. Zungushia msasa kipande cha mbao ili usichimbe mabonde kwa vidole, ila kwenye mitaro ukunje na kuingiza ncha. Vaa barakoa: vumbi la mvule na la mninga huwasha pua na kifua, na tangu 1995 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la mbao kwa ujumla kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Ziba matundu kwa puti, ikauke, sugua tena.

Hapo unafika njia panda. Kama ni mninga au mkongo, ushauri wangu ni kuacha mbao ionekane. Kuufunika mninga kwa rangi nyeupe ni kuutukana. Paka vanishi tupu. Kama ni paini, au bodi, au mbao zilizochanganywa rangi, paka rangi ya mafuta, krimu ikiwa nzuri zaidi kwa glezi. Bodi yenye ganda la plastiki ikwaruze kidogo kwa msasa namba 220, kisha anza na rangi ya kushikisha, la sivyo itabanduka vipande vipande. Mvule na mtiki zina mafuta yake ya asili yanayochelewesha vanishi kukauka. Zifute kwa tapentaini dakika chache kabla ya mkono wa kwanza, na mkono huo uupunguze makali kwa tapentaini kidogo.

Paka mikono miwili myembamba. Kati ya mkono na mkono subiri saa 24, hata kama kopo linasema chini ya hapo, kwa sababu hewa yetu ina maji. Sugua kidogo kwa namba 320, futa vumbi, endelea. Mlango ulaze juu ya matofali mawili, usiusimamishe, maana rangi hutiririka.

Glezi madukani si rahisi kuipata, lakini unaitengeneza. Changanya kikombe kimoja cha vanishi ya mafuta, nusu kikombe cha tapentaini na vijiko viwili vya chakula vya rangi ya mafuta ya kahawia iliyokoza. Kama rangi yako ya chini haing'ai, ipake kwanza mkono mmoja wa vanishi na uache ikauke. Uso usiong'aa hunywa glezi na hautakuruhusu kufuta. Jaribu nyuma ya mlango. Kisha fanya mlango mmoja mmoja: paka glezi kwa brashi ndogo, uisukumie kwenye mitaro na pembe, subiri dakika tatu hadi tano mpaka mng'ao wake upungue, halafu futa. Kitambaa bora ni kanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa mpaka imepauka. Mpya hutoa rangi, na nguo ya nailoni haifyonzi kitu. Futa sehemu bapa kwa mkono mwepesi ukifuata mistari ya mbao, ukigeuza kitambaa mara kwa mara, na mitaro uiache. Ikionekana imezidi, tia tapentaini kidogo kwenye kitambaa ufute tena. Mpaka hapo bado inakubali. Ikishakauka haikubali.

Kanga hizo ulizofutia usizikunje na kuzitupa kwenye ndoo. Vanishi ya mafuta inapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe. Zitandaze nje kwenye kamba mpaka zikauke kabisa, ndipo utupe.

Baada ya siku mbili, paka vanishi mikono miwili juu ya glezi, maana yenyewe haihimili kusuguliwa. Vanishi ya mafuta hugeuka njano taratibu. Juu ya krimu haidhuru, juu ya nyeupe safi itaonekana. Kama hujiamini na brashi kwenye hatua hii ya mwisho, peleka milango kwa mafundi wa kupuliza Keko, ila waambie wazi kwamba chini kuna rangi ya mafuta, wasije wakapuliza NC.

Usirudishe milango siku hiyohiyo. Ipe wiki moja, la sivyo itang'ang'ania fremu na kubanduka ukiifungua. Kwa nyumba za Kunduchi, Mbweni au popote upepo wa chumvi unapofika, weka bawaba za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu. Tundu la skrubu lililopwaya lijaze vijiti vya kiberiti vilivyochovywa gundi ya mbao, vikauke usiku mmoja, ndipo ukaze.

Glezi na vanishi iliyobaki usimwage mtaroni. Itie kwenye chupa ya kioo iliyojaa mpaka juu, hewa isibaki, uandike rangi na vipimo ulivyotumia. Mlango ulio karibu na jiko utachubuka kabla ya mingine, na utahitaji rangi ileile.