Ukifunga, Unakata Mafuta au Misuli?



Wengi wetu humu chamani tunafunga. Wapo wa Ramadhani, wapo wa Kwaresima, na siku hizi wapo wanaofunga kwa ajili ya kitambi tu: wanakula ndani ya masaa 8, masaa 16 yaliyobaki ni maji. Kwa kuwa nasomea lishe, swali ninaloulizwa sana ni hili: nikifunga, ninachokata ni mafuta au misuli? Jibu fupi ni vyote viwili, ila kiasi cha kila kimoja kinategemea sana unavyokula na unavyoutumia mwili.

Tuanze na sukari ya akiba. Ukishakula, mwili huhifadhi sukari kama glaikojeni: takriban gramu 100 kwenye ini na gramu 400 kwenye misuli. Ya misuli hutumika humo humo. Ya ini ndiyo inayolisha damu na ubongo, na ukikaa bila kula inakaribia kuisha ndani ya siku moja hivi. Sasa, kila gramu ya glaikojeni hushikana na kama gramu 3 za maji. Ndiyo maana siku za mwanzo mizani inashuka haraka, mtu anashangilia, kumbe ni maji! Akirudia wali wake, na uzito unarudi.

Pili, mafuta. Insulini ikishuka, mafuta yaliyohifadhiwa hutolewa yakachomwa, na ini hugeuza sehemu yake kuwa ketoni, ambazo hata ubongo unaweza kuzitumia. Lakini kilo 1 ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700. Ukipunguza kalori 500 kila siku, utahitaji kama wiki mbili kuichoma. Na ukifuturu kwa sambusa, chapati na soda mpaka ukafidia kalori zote za mchana, hapo hakuna kilichopungua.

Tatu, misuli. Ubongo bado unataka sukari, na sehemu kubwa ya mafuta haiwezi kugeuzwa sukari. Basi ini hutengeneza sukari kutokana na protini, na sehemu ya protini hiyo hutoka kwenye misuli. Kwa funga ya kutwa hilo si la kutisha, kwani chakula cha usiku kinajenga tena. Hatari ni kula kidogo wiki hadi wiki, huku kutwa umekaa maktaba.

Tazameni mifano miwili. Mwaka 2020, watafiti wa chuo kikuu cha California, San Francisco, walitoa matokeo ya watu 116 waliofuatiliwa kwa wiki 12. Waliokaa masaa 16 bila kula walipungua chini ya kilo 1, karibu sawa na waliokula milo yao mitatu. Tena kwa wale waliopimwa mwili kwa mashine, sehemu kubwa ya kilichopotea haikuwa mafuta. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Padova, Italia, waliripoti wanaume 34 waliozoea kunyanyua vyuma. Kwa wiki 8, waliokula ndani ya masaa 8 walipunguza mafuta na misuli ikabaki. Masaa ya funga ni yale yale. Hawa wa pili walikuwa wanabeba vyuma na kula protini ya kutosha.

Kwa hiyo, ndugu zangu:

1. Kula protini kila mlo, futari na daku: mayai, dengu, maharage, samaki wa kopo, kuku, maziwa. Yai moja lina kama gramu 6, na mtu wa kilo 60 anayepunguza uzito alenge gramu 72 hadi 96 kwa siku.

2. Fanya mazoezi ya nguvu mara 2 au 3 kwa wiki. Huna pesa ya jimu? Pushapu na kuchuchumaa chumbani vinatosha kuanzia. Wakati wa saumu, fanya baada ya kufuturu.

3. Usiamini mizani peke yake. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani.

4. Mwenye kisukari, mjamzito, au aliyewahi kuugua maradhi ya kujinyima chakula, amwone daktari kabla ya kufunga.

Misuli hiyo ndiyo utakayopandia ngazi uzeeni, jamani. Tuitunze tungali vijana. Nawatakia funga njema na mitihani mema.