Bure, Huria, Salama: Maneno Matatu Tunayoyachanganya Tunapozungumza juu ya Kompyuta

Kauli tatu husikika mara nyingi mahali wanafunzi wanapokusanyika kuandika na kuchapisha kazi zao. Ya kwanza: “Programu ya bure haina thamani.” Ya pili: “Kama kila mtu anaweza kusoma jinsi programu ilivyoandikwa, mwizi naye ataisoma.” Ya tatu: “Mimi sina kitu cha kuibiwa.”

Makala haya hayahesabu ni watu wangapi wanaozisema. Yanazichunguza kama mwanaisimu anavyochunguza kauli yoyote: maneno yake yana maana gani, na maana hizo zinamfanya msemaji aamue nini. Hoja yangu ni kwamba neno bure linatufanya tuulize bei tu, huku swali lililo zito zaidi likitupita: nani anaruhusiwa kuichunguza programu na kuitengeneza?

1. Bure na huria

Neno bure lina maana mbili. Kwanza ni “pasipo malipo”: nimepewa bure. Pili ni “pasipo faida”: nimehangaika bure, maneno ya bure, mtu bure. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambako r na l hupishana, husikika pia bule, nayo inabeba mzigo huohuo. Kwa hiyo anayesema “programu ya bure” ameanza kuishusha hata kabla hajaitumia.

Tuangalie sasa vinyume. Kinyume cha bure ni cha kulipia. Huru, neno lililotoka Kiarabu, kinyume chake ni mtumwa. Jamaa yake, huria, tunalikuta katika soko huria na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Wanafunzi wa chuo hicho hulipa ada, na hakuna anayeona kwamba jina linadanganya, kwa sababu huria inahusu mlango uliofunguliwa, wala haisemi lolote juu ya mfuko wa fedha.

Kiingereza kina neno moja, “free”, kwa maana zote mbili. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na alipoanzisha Free Software Foundation mwaka 1985, utata huo ulimfuata. Kifaransa kinatenganisha “libre” na “gratuit”. Kiswahili nacho kinaweza kutenganisha, ila sisi wenyewe hatutumii nafasi hiyo.

Programu huria hutambulika kwa haki nne: kuitumia kwa kusudi lolote, kuuchunguza msimbo wake na kuubadilisha, kugawa nakala zake, na kugawa nakala ulizozibadilisha. Hakuna haki hata moja kati ya hizo inayotaja bei. Programu nyingi za simu hazilipiwi, lakini msimbo wake umefungwa: ni za bure, si huria. Na nakala ya programu ya kulipia iliyovunjwa ulinzi wake, inayopita kutoka flashi hadi flashi, ni ya bure kwa aliyeinakili, lakini si huria wala halali. Aliyeivunja anaweza kuwa ameongeza kitu ndani yake, na mtumiaji hana njia ya kukiona. Ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hata kama mbuzi huyo hakulipiwa.

2. Mwalimu wa lugha aliyejibu kauli ya pili

Kauli ya pili ina mantiki yake: kinachofichwa huonekana salama kuliko kilicho wazi. Aliyeipinga mapema alikuwa mtu wa fani yetu. Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyefundisha lugha jijini Paris, alichapisha mwaka 1883 makala marefu juu ya maandishi ya siri ya kijeshi. Alidai kwamba mfumo mzuri haupaswi kutegemea kufichwa kwake: uendelee kulinda ujumbe hata ukiangukia mikononi mwa adui. Kinachopaswa kubaki siri ni ufunguo peke yake.

Mfano ni kufuli. Mafundi wengi wanajua kufuli linavyoundwa, lakini kujua huko hakuwapi ufunguo wa nyumba yako. Tena fundi anayeweza kulifungua kufuli na kulitazama ndani ndiye anayeweza kukuambia kwamba chuma chake ni dhaifu.

3. Kuwa wazi si sawa na kuwa salama

Hata hivyo tusikimbilie upande wa pili. Mwezi Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Kasoro hiyo ilikuwamo katika matoleo yaliyotolewa tangu 2012. Msimbo ulikuwa wazi kwa wote kwa miaka miwili, lakini watu waliokuwa wakiutunza walikuwa wachache sana, wenye fedha kidogo. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Neno bure lilikuwa limeificha kazi ya waundaji. Haki ya kusoma huleta usalama pale tu panapokuwa na wanaosoma.

Programu zilizofungwa nazo zina somo lake. Mwezi Mei 2017 programu haribifu WannaCry ilifunga mafaili katika kompyuta za Windows kwenye nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu Machi. Kompyuta nyingi zilizoumia zilikuwa hazijasasishwa. Mwenye nakala iliyovunjwa mara nyingi huzima masasisho kwa kuogopa kugunduliwa. Basi amejinyima dawa ili aendelee kupata cha bure.

Kwetu kuna sababu nyingine: masasisho hula mega, na mega hununuliwa. Hapa haki ya tatu inaonyesha faida yake. Mwanafunzi mmoja anaweza kupakua programu huria kutoka kwenye ukurasa wa waundaji wenyewe, kisha akaigawa kwa darasa zima pasipo kuvunja sheria.

4. “Sina kitu cha kuibiwa”

Kauli hii ya tatu haifai kabisa kinywani mwa mwanafunzi wa lugha za Kiafrika. Kompyuta yake ina sauti za watu: mzee aliyesimulia asili ya ukoo, mama aliyetaja ugomvi wa ardhi akidhani anatoa mfano wa sentensi tu. Sauti hizo ni amana. Zikitoka, anayeumia ni aliyesema. Zikipotea, huenda msemaji hayupo tena wa kurekodiwa upya.

Na ni katika kazi hii hasa kwamba kauli ya kwanza inaanguka. Praat, tunayopimia toni na irabu, iliandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam; hailipiwi, na ni huria. ELAN, tunayounganishia sauti na maandishi, ilitoka katika taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen. Nayo ni huria. Mafaili ya TextGrid ya Praat ni maandishi ya kawaida: hata programu yenyewe ikitoweka, kihariri chochote cha maandishi kitayafungua. Faili la programu iliyofungwa linaweza kubaki bila msomaji siku leseni inapokwisha.

Napendekeza basi mambo mawili. Katika maandishi yetu, tuseme programu isiyolipiwa tunapozungumzia bei, na programu huria tunapozungumzia haki. Na kabla ya kuweka programu yoyote kwenye kompyuta yenye rekodi za watu, tuulize maswali matatu: Imetoka kwa nani? Nani anaruhusiwa kuichunguza? Nani anaitengeneza inapoharibika? Kisha tuziwekee rekodi neno la siri, na nakala ya pili ikae mahali pengine, mbali na mkoba unaobeba ile ya kwanza. Mzee aliyetupa simulizi hakutuuliza programu yetu ilinunuliwa kwa bei gani. Alitukabidhi sauti yake akiamini kwamba tunajua kutunza.