Niliishia darasa la saba, nitamfundisha nini mtoto wa PP1?

SWALI: Mwalimu, ninakuandikia kutoka Konoin, Bomet. Mimi ni mama wa watoto wawili. Mkubwa ni msichana wa miaka minne, ameanza PP1 mwaka huu. Tuna shamba dogo la chai. Asubuhi ninachuma, mchana ninapeleka majani kituoni, na nikirudi nyumbani namkuta mtoto kwa nyanyake, mvua imeshawafungia ndani.

Mwalimu wake wa chekechea ameniita mara mbili. Anasema mtoto haongei darasani, akiulizwa jambo anaangalia chini, na penseli anaishika kama anayesonga ugali. Ameniambia nimfanyishe mazoezi nyumbani. Sasa mimi niliishia darasa la saba. Nimetazama video kwenye simu za akina mama wa ng'ambo wakikata karatasi za rangi na kubandika kwa gundi inayometameta. Nilipouliza bei ya vitu hivyo Litein nilirudi mikono mitupu. Mume wangu anasema tukope, tumnunulie kishikwambi, tulipe bonasi ikitoka. Mama mkwe naye humsemesha Kipsigis kutwa nzima, na nadhani ndiye anayemchelewesha Kiingereza. Nifanyeje?

Mama wa Konoin

JIBU: Mama, tuanze na baba watoto, maana deni halisubiri mtu amalize kusoma gazeti. Msikope. Bonasi ya chai huamuliwa na mnada wa Mombasa na gharama za kiwanda, na nyinyi wa magharibi mwa Bonde la Ufa mnajua vizuri kuliko mimi jinsi ya kwenu inavyobaki nyuma ya ile ya Murang'a na Kirinyaga. Pesa ambayo hujui itakuwa kiasi gani haikopewi kifaa cha kioo kitakachoanguka kwenye sakafu ya saruji kabla ya Krismasi. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri huo asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Saa hiyo moja simu yako inaitosha. Tena shida mliyoelezwa ni ya vidole, na kioo hakimfanyi mtoto abane wala kufinya chochote.

Sasa huo ukimya. Unajua kwamba watoto wa Kipsigis waliwahi kuwashangaza wataalamu kwa jambo hilo hilo? Kuanzia mwaka 1972, Wamarekani wawili, Sara Harkness na mumewe Charles Super, waliishi miaka mitatu katika jamii ya wakulima wa Kipsigis waliyoiita Kokwet, wakichunguza jinsi watoto wanavyolelewa. Waliwasimulia watoto hadithi fupi na kuwaomba waisimulie tena. Wengi walinyamaza kimya. Ni watoto wale wale waliotumwa wakatumika, waliochunga ndama na kubeba wadogo zao, na kuelewa kila walichoambiwa. Katika makala waliyoichapisha mwaka 1977, wawili hao walieleza kwamba mtoto wa hapo amelelewa kumsikiliza mtu mzima na kutenda, wala hajazoea kusimama mbele yake na kumtolea maneno marefu. Kunyamaza kwake kulikuwa adabu.

Mwanao basi huenda hana kasoro yoyote. Anakosa zoezi moja tu, la kuongea na mtu mzima anayemsikiliza, na zoezi hilo halihitaji cheti. Mtoto akichora kitu, usimwulize "hiki ni nini?" kama mtahini. Mwambie "hebu nihadithie", kisha unyamaze wewe, uendelee kuchambua mboga. Akikwama msubiri. Wazazi wengi husubiri kidogo mno, halafu wanamjibia.

Na hilo la darasa la saba, liweke kando. Super huyo huyo aliandika mwaka 1976 kwamba watoto wachanga wa Kipsigis walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani, kwa sababu mama zao waliwafundisha makusudi: mtoto alikalishwa kwenye kishimo kilichochimbwa chini, au akazungushiwa blanketi, hadi mgongo ukakaza. Hakuna aliyewauliza akina mama hao walifika darasa la ngapi.

Tuje kwenye penseli. Wapo watakaokuambia samaki mkunje angali mbichi, hivyo mtoto wa miaka minne ajaze ukurasa mzima wa herufi kila jioni. Mkunje, lakini usimvunje. Vidole ambavyo havijapata nguvu vikilazimishwa penseli vitaishika kwa ngumi, na mtoto ataichukia. Vipe nguvu kwanza, na kwa kazi hiyo sijaona kitu kinachoushinda udongo.

Usichote ule mwekundu wa shamba la chai, huo hupukutika, tena una mbolea. Nenda kando ya kijito, uchimbe ule mzito wa kijivu au mweusi. Ujaribu hapo hapo: viringisha kipande mpaka kiwe kamba yenye unene wa kidole, kisha ukikunje kiwe pete. Kikikubali bila kupasuka, umepata. Toa mawe na mizizi, uponde, unyunyizie maji kidogo, uufunike kwa kitambaa kibichi ndani ya ndoo. Utadumu siku nyingi.

Kisha mpe donge lenye ukubwa wa chungwa na umwambie atengeneze ng'ombe. Mwache aanze peke yake. Kiwiliwili kitatoka upesi, shida itakuwa miguu, kwa kuwa ng'ombe wa miguu mitatu huanguka, na hapo atahesabu mwenyewe bila kuhimizwa. Pembe ndizo ninazozitaka mimi. Kutoa pembe mbili nyembamba kwenye kichwa cha udongo lazima abane kwa kidole gumba na cha shahada, cha kati kikisaidia, na ndivyo vidole vitatu vinavyoshika penseli. Masikio, chuchu, mkia, vyote ni kazi ya vidole hivyo. Ng'ombe wakaushwe kivulini, kwa sababu jua kali au moto utawapasua. Wakifika watano, ajenge boma la vijiti na awape maji. Na nyanya akiwepo, amwambie jina la kila rangi ya ng'ombe kwa Kipsigis, maana Kipsigis ina majina ya rangi za ng'ombe ambayo hata wewe huenda umeanza kuyasahau.

Mvua hiyo unayosema inawafungia ndani, ifanye mwalimu msaidizi. Kericho na Bomet hamna uhaba wake, Kericho hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Chukua chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, uikate juu kwa kisu wewe mwenyewe, na kile kichwa ukigeuze kiingie ndani kama faneli. Weka mawe madogo chini ili isipeperushwe, mimina maji yafunike mawe hayo mpaka pale pande zinapoanza kunyooka, uweke alama. Hiyo ndiyo sifuri. Bandika utepe wa karatasi wenye vistari vilivyoachana kwa upana wa kidole cha mtoto. Chupa ikae uwanjani, mbali na michirizi ya paa. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, aende aangalie maji yamefika kistari cha ngapi, kisha achore matone ya idadi hiyo kwenye kalenda ya ukutani, tarehe ya siku hiyo. Halafu amwage yaliyozidi alama ya sifuri. Ikipiga mvua ya mawe, wewe utalia kwa ajili ya chai, na hiyo ni haki yako, lakini mpe yeye bakuli akusanye barafu na atazame bonge lipi linayeyuka kwanza, kubwa au dogo.

Kuhusu majani ya chai nina onyo kabla ya shauri. Kikapu cha kupelekwa kituoni asikiguse. Majani yakibanwa huanza kuwa mekundu, na karani atakurudishia mbele ya majirani. Chukua machache tu, kumi yanatosha, uyaweke kwenye uteo. Mwambie atenge yale ya majani mawili na chipukizi, na yale ya majani matatu. Kisha ayapange kutoka dogo hadi kubwa. Kisha jani moja lililokomaa liwekwe chini ya karatasi nyembamba, mishipa ikitazama juu, na asugue kwa ubavu wa kipande cha makaa. Jani litatokea lote, na meno yake ya pembeni. Rudieni kwa jani la parachichi na la maharagwe, mwulize lipi lina meno na lipi halina. Kumpa mtoto majani kumi mezani ni mchezo. Kumfunga kikapu mgongoni ni ajira ya watoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 haina mzaha na jambo hilo.

Vifaa vingine ni vya kuokota. Gundi ni uji: vijiko viwili vya unga wa ngano katika kikombe cha maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, chemsha mpaka uwe mzito. Karatasi ni mfuko wa unga, pakiti ya majani, mgongo wa kalenda ya mwaka jana. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha. Mpira, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, tumeurudia ule wa matambara yaliyokazwa kwa kamba za mgomba, na kufunga mafundo hayo ni kazi nyingine nzuri ya vidole. Vifuniko vya soda vinahesabika na kupangwa kwa rangi. Mbegu za kutunga kwenye uzi ni sawa kwa huyo wa miaka minne, ila mdogo wake asizifikie, atazimeza au kuzitia puani. Na mbegu za mbarika, zile za mafuta ya nyonyo, zisiingie nyumbani kabisa. Zina madoadoa ya kupendeza na zina sumu.

Haya si mambo niliyoyatunga kwa sababu huna pesa. Kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, kilipoanzishwa mwaka 1984 chini ya Taasisi ya Elimu ya Kenya, kiliwahimiza walimu wa chekechea nchini kutengeneza vifaa kwa vitu vya mahali pao. Najua CBC imewatia wazazi hofu ya manila na picha za kuchapishwa mjini, na mwaka 2021 malalamiko yalifika hadi Mahakama Kuu. Lakini usome mtaala wa PP1 wenyewe. Unataka shughuli za lugha, hisabati, mazingira na ubunifu. Ng'ombe wa udongo, chupa ya mvua na jani la makaa zimegusa zote nne.

Sasa mama mkwe. Hapo, mama, sikuungi mkono hata kidogo. Sera ya elimu nchini, tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, ni kwamba mtoto aanze kufunzwa kwa lugha ya eneo analotoka. Mtoto anayejua kuhesabu agenge, aeng', somok, ang'wan, mut, tena akiwa na ng'ombe watano mbele yake, ameshaelewa tano ni nini. Kiingereza kitamletea jina jingine tu la kitu anachokijua. Nyanya anayemsemesha mjukuu kutwa ndiye mwalimu ambaye wenzako wa Nairobi wanamtafuta na kumlipa. Mwombe amwongezee hadithi na vitendawili, na hasa amwachie mtoto zamu ya kutega. Usimwambie kwamba uliniandikia.

Fanya haya mara moja kwa siku, mvua ikinyesha, dakika ishirini hivi. Akichoka acheni. Usimshike mkono kumnyooshea kila kitu, na ng'ombe wake akitoka kama mbwa, ni ng'ombe. Kazi anazozipenda zaidi abebe kwenye mfuko ampelekee mwalimu wake, kwa kuwa mtoto mwenye haya huongea upesi akiwa na kitu chake mkononi. Mwombe mwalimu pia amtazame akiwa uwanjani na wenzake, siyo akiwa amesimamishwa mbele ya darasa peke yake.

Kuna jambo moja nataka ulichunguze wiki hii. Simama nyuma yake, mbali kidogo, akiwa ameshughulika na mchezo, na umwite jina kwa sauti ya kawaida. Umwite tena siku nyingine. Kama hageuki, au kama hata na nyanyake haongei vizuri, au masikio yamewahi kutoa usaha, usingoje likizo wala bonasi. Mpeleke kituo cha afya na uombe apimwe masikio.