Jinsi Madaktari Wanavyoutambua Ugonjwa wa Mesothelioma

Mesothelioma ni saratani ya utando mwembamba unaofunika mapafu na kuzunguka kifua kwa ndani. Mara chache huanzia katika utando wa tumbo. Chanzo chake kikuu ni vumbi la asbesto, madini yenye nyuzinyuzi ambayo kwa miaka mingi yalichanganywa na saruji kutengenezea vigae vya kuezekea maghala, tena yakatiwa katika breki za magari. Kwa kawaida ugonjwa hutokea miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kulivuta vumbi hilo, naye amekwisha kuisahau kazi yenyewe.

Dalili zake ni kukosa pumzi, maumivu ya kifua na kukonda. Dalili hizo ni za kifua kikuu pia, na hapo ndipo wengi hupotea. Huko Kimberley, Afrika Kusini, katika miaka ya 1950, Dakta Sleggs aliwatibu kifua kikuu wagonjwa wenye maji kifuani. Wengine walipona, lakini waliotoka upande wa machimbo ya asbesto ya buluu hawakupata nafuu. Mwaka 1960 yeye, Wagner na Marchand walitangaza habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma. Baadhi yao hawakuwa wachimbaji kamwe. Walikuwa wameishi tu jirani na machimbo.

Kwa hiyo uchunguzi huanza kwa maswali juu ya kazi na makazi. Mzee aliyekata vigae vya paa la ghala mwaka 1978, akiulizwa kazi yake, hujibu kuwa ni mkulima. Hasemi uongo, ila daktari amenyimwa ufunguo. Daftari la vibarua la chama, ambalo makatibu wengine hulichoma wanaposafisha ofisi, laweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki.

Baadaye hupigwa picha ya eksirei. Picha huonyesha maji au utando ulionenepa, lakini haisemi sababu. Skani ya CT huonyesha zaidi, hasa mahali pa kuchukulia nyama ya kupima. Daktari huyatoa maji kwa sindano kati ya mbavu, na mara nyingi mgonjwa hupumua vizuri saa ile ile. Nafuu hiyo isimdanganye mtu, kwani maji hurudi. Maji hupimwa kama yana vijidudu vya kifua kikuu au chembe za saratani, lakini kutoonekana kwa chembe hizo hakumaanishi kuwa saratani haipo.

Jibu la hakika hutoka katika nyama yenyewe. Mgonjwa hutobolewa tundu dogo ubavuni, huingizwa kamera nyembamba, na vipande vya utando hukatwa. Mtaalamu wa patholojia huvitazama kwa hadubini baada ya kuvitia dawa maalumu za rangi, zikiwemo za kutafuta kalretinini na WT1, ili kutenga mesothelioma na saratani ya mapafu inayofanana nayo. Kipimo hicho hakifanyiki kila hospitali, wala hakuna kipimo cha damu kinachotosha mahali pake.

Mwanachama anayetumia dawa za kifua kikuu bila nafuu, hasa ikiwa vijidudu havikupata kuonekana, yafaa amwombe daktari wake rufaa. Achukue picha zake zote za zamani, pamoja na barua ya katibu inayotaja kazi aliyoifanya, mwaka, na muda aliokaa katika vumbi.