Simba Yupi, Si Simba Wangapi

Katika vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba, simba ni chanzo cha ubishi. Mfugaji aliyevunjiwa zizi usiku angependa asibaki hata mmoja. Mwindaji wa kitalii hulipa fedha nyingi ampate dume, na sehemu ya ada hizo huzifikia halmashauri. Wahifadhi nao wanahofu simba watatoweka.

Mwaka 2004 Karyl Whitman, Anthony Starfield, Henley Quadling na Craig Packer walichapisha katika jarida la Nature njia ya kuupima ubishi huo kwa hesabu. Modeli yao ya kompyuta ilitegemea kumbukumbu za simba wa kaskazini mwa Tanzania, wakiwemo wa Serengeti wanaofuatiliwa tangu miaka ya 1960. Ndani yake simba huzaliwa, hukua na kufa. Na kwa kuwa bahati nayo ina nafasi, miaka mingi huigizwa tena na tena kabla ya jibu kutolewa.

Kiini chake ni tabia moja ya kutisha. Madume wageni wakilitwaa kundi, huwaua watoto wachanga waliowakuta. Kwa hiyo dume kijana akipigwa risasi, hafi peke yake. Aliyefikisha miaka 5 au 6, kwa kawaida, amekwisha kulea kizazi chake. Modeli ilionyesha kwamba wakiwindwa madume wa umri huo na kuendelea tu, idadi ya simba haitetereki sana, hata pasipo kikomo cha idadi ya kuwindwa.

Umri hutambulikaje porini? Kwa pua, ambayo ni ya waridi ujanani na huzidi kuwa nyeusi kadiri miaka inavyopita, ingawa kasi yake hailingani kila mahali. Baadaye Tanzania iliweka miaka 6 kuwa umri wa chini wa simba wa kuwindwa.

Lakini modeli hujibu lile tu iliyoulizwa, nayo iliulizwa kuhusu uwindaji wa kitalii. Mkuki na sumu ya kulipiza kisasi cha ng'ombe havichagui umri, wala dume na jike. Vifo hivyo visipoandikwa, hesabu yoyote huwa pungufu. Ndiyo maana taarifa ya kijiji kwa Afisa Wanyamapori, ikitaja tarehe, mahali, mifugo iliyoliwa na simba aliyeuawa, haimhusu mwombaji wa kifuta jasho peke yake.